Taa Nyekundu: Inasaidia Nini, na Haisaidii Nini?

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya taa nyekundu, maana maswali yake yamekuwa mengi hapa hospitalini. Watu huziona madukani na kwenye simu, wakaambiwa kuwa zinaponya majeraha, zinaondoa maumivu ya viungo na kumrudishia mzee ujana wake.

Tulimpokea mzee mmoja mwenye ugonjwa wa kisukari. Alijikata kidogo chini ya mguu. Kwa kuwa hakusikia maumivu, alikaa nyumbani mwezi mzima akimulika kidonda kwa taa aliyoletewa na mwanawe. Alipofika kwetu usaha ulikuwa umefika kwenye mfupa, na vidole viwili vikakatwa. Mwanawe alimpenda baba yake, wala hakukusudia mabaya. Lakini hakuna aliyewaeleza kazi ya taa ile na mipaka yake.

Mwanga kama dawa

Kutibu kwa mwanga si jambo geni. Daktari Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga mkali wa taa. Kina mama wengi pia wamewahi kuona mtoto mchanga mwenye manjano akilazwa chini ya taa ya buluu. Mwanga ule huibadilisha ile rangi ya manjano iliyo mwilini ili mtoto aweze kuitoa.

Habari ya mwanga mwekundu ilianza kujulikana zaidi mwaka 1967. Daktari Endre Mester wa Budapest, Hungaria, aliwanyoa panya manyoya na kuwamulika kwa mwanga mwekundu wa leza, ili aone kama utawaletea saratani. Saratani haikutokea, bali manyoya yaliota upesi zaidi kwa wale waliomulikwa.

Unafanyaje kazi?

Usiku washa tochi na kuifunika kwa vidole. Utaona vidole vinang'aa vyekundu. Damu na nyama huzuia rangi nyingine, lakini nyekundu hupenya. Taa hizi hutoa mwanga wa nanomita 630 hadi 670 hivi, na nyingine hutoa mwanga usioonekana kwa macho, wa nanomita 800 hadi 850, ambao hupenya ndani zaidi. Wataalamu wanaeleza kuwa mwanga huo hupokelewa na mitokondria, yaani viwanda vidogo vinavyotengeneza nguvu ndani ya chembe hai, navyo huchangamka kidogo.

Hapo ndipo penye jambo kubwa la kukumbuka. Taa huisaidia chembe iliyo hai na inayopata damu ya kutosha. Haitoi usaha, haishushi sukari, haiungi mfupa uliovunjika.

Yaliyothibitishwa

Msaada wake ulio wazi zaidi ni kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani wanaopata vidonda vya mdomoni kwa sababu ya matibabu. Wao humulikwa hospitalini kwa kipimo maalumu. Kwa maumivu ya goti na viungo, wengine hupata nafuu na wengine hawaoni tofauti. Mikunjo ya uso huweza kupungua kidogo kwa wanaotumia wiki nyingi mfululizo. Lakini hakuna uthibitisho kwamba taa hiyo humwongezea mtu miaka ya kuishi.

Tahadhari

1. Usichanganye taa hii na taa ya joto, ambayo nayo huweza kuonekana nyekundu. Taa ya joto huunguza, na mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi hatasikia anapoungua.
2. Usiitazame taa kwa macho, hasa ya leza.
3. Usimulike uvimbe usiojulikana. Mama mjamzito asimulike tumbo.
4. Usiache dawa zako kwa sababu ya taa.

Ukiumia

Mguu ukiteguka, upumzishe, weka kitambaa cha maji baridi, funga bandeji isiyobana sana, na uuinue juu ya mto. Baada ya siku mbili au tatu anza kuuchezesha polepole. Ukishindwa kupiga hatua nne, au mguu ukipinda, njoo hospitali siku hiyo hiyo. Kidonda chenye usaha, harufu au homa kisingoje. Mwenye kisukari asingoje hata kidonda kidogo. Kila jioni akague miguu yake, aioshe, aikaushe katikati ya vidole, wala asitembee pekupeku.

Kuzeeka vema

Anayetaka uzee wenye nguvu atembee kwa haraka kiasi, nusu saa kwa siku, siku tano za wiki. Mara mbili kwa wiki aipe misuli kazi, kwa mfano kusimama na kuketi kitini mara kumi bila kushika kitu. Ale maharage, dagaa, mayai na mboga za majani. Aache tumbaku, na avae kofia juani. Apimwe shinikizo la damu na sukari. Mambo haya yana uthibitisho mkubwa kuliko taa yoyote.

Mwenye taa tayari, na asiye na kidonda wala ganzi, anaweza kuitumia kwa maumivu ya goti kama maelekezo yake yanavyosema. Asiyekuwa nayo asiuze mbuzi kwa ajili yake.

Yule mzee sasa anaendelea vizuri. Kila jioni mjukuu wake humkagua miguu kwa tochi ya kawaida. Tunawaomba ninyi nanyi, katika jumuiya zenu ndogo ndogo, mnapomtembelea mzee mwenye kisukari, baada ya sala mwombeni awaonyeshe nyayo zake.