Windows 10 Baada ya Oktoba 2025: Kompyuta Ipi Ibaki na Ipi Iondoke

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka tarehe 29 Julai 2015 na ambao ofisi nyingi ziliendelea kuutumia hata baada ya mrithi wake, Windows 11, kuingia sokoni Oktoba 2021. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoiwezesha kompyuta kuwaka, kufungua programu nyingine na kuwasiliana na printa, kibodi na intaneti. Kwa shirika dogo, liwe SACCOS, zahanati, shule ya binafsi au ofisi ya parokia, tarehe hiyo ilipita kimya, kwa sababu asubuhi iliyofuata kompyuta ziliwaka kama kawaida, na ukimya huo ukawafanya wengi waamini kwamba habari yote ilikuwa mbinu ya kuuza kompyuta mpya. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, lakini haigusi kiini cha jambo.

Kilichokoma ni huduma ya viraka, si uwezo wa kompyuta kufanya kazi. Kiraka, kwa lugha ya kompyuta, ni kipande cha programu kinachotolewa ili kuziba kosa lililogunduliwa baada ya programu kuanza kutumika, na makosa ya aina hiyo hayaishi, kwa kuwa mfumo endeshi una mamilioni ya mistari ya maelekezo iliyoandikwa na binadamu. Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi, wakati ambapo Afrika Mashariki huwa ni usiku. Windows 11 ilijengwa juu ya msingi wa Windows 10, hivyo kosa linalopatikana katika mmoja mara nyingi limo katika mwingine. Kiraka cha Windows 11 kinapotoka, wahalifu hulinganisha faili za kabla na za baada, wakaona palipobadilishwa, na kwa njia hiyo wakajua tundu lilikuwa wapi. Kompyuta ya Windows 10 isiyopata kiraka hubaki na tundu lile lile, ambalo sasa ramani yake imekwisha kuchorwa. Ndiyo maana hatari haikuzuka siku moja mwezi Oktoba, bali hujilimbikiza mwezi baada ya mwezi.

Mfano unaofaa kukumbukwa ni ule wa WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, yaani ile inayozifunga faili kwa msimbo na kumtaka mwenye faili alipe ili afunguliwe. Microsoft ilitoa kiraka cha tundu husika tarehe 14 Machi 2017. Shambulio lilianza tarehe 12 Mei mwaka huo huo, likaenea katika nchi zaidi ya 150 kwa siku chache, na nchini Uingereza likavuruga hospitali za umma kiasi kwamba maelfu ya miadi ya wagonjwa yalifutwa. Wakati ule lawama nyingi zilielekezwa kwa Windows XP, ambayo huduma yake ilikuwa imekoma Aprili 2014, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao bado ulikuwa ukipata viraka. Kiraka kilikuwapo, hakikuwekwa.

Jambo hilo lina maana ya pekee katika ofisi zinazoishi kwa bando. Ni desturi iliyozoeleka kwa fundi kuombwa azime masasisho ya Windows ili yasile data, na kwa hiyo zipo kompyuta nyingi ambazo, kwa upande wa usalama, zilikwisha kustaafu miaka kadhaa kabla ya Microsoft kutangaza lolote. Dawa yake ipo ndani ya Windows yenyewe: katika mipangilio ya masasisho kuna sehemu inayoruhusu kompyuta moja ipakue sasisho, kisha zilizobaki zilichukue kutoka kwake kupitia mtandao wa ndani wa ofisi, hivyo mzigo mkubwa wa data hulipiwa mara moja tu hata kama kompyuta ni sita. Sehemu hiyo hutumiwa na wachache, na hilo ni kosa la mafundi zaidi kuliko la wenye ofisi.

Swali linalofuata ni iwapo kompyuta iliyopo inaweza kupokea Windows 11. Masharti yake ni RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ambacho kazi yake ni kutunza funguo za siri, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, ambayo kwa upande wa Intel huanza, isipokuwa chache, na kizazi cha nane kilichotoka mwaka 2017. Kwa kompyuta za mtumba kutoka Ulaya na Marekani, ambazo ndizo zinazojaza maduka ya Kariakoo na ya katikati ya jiji la Nairobi, kinachokwamisha kwa kawaida ni hiyo prosesa. Kizazi husomwa kwenye namba inayofuata baada ya maneno Core i3, i5 au i7: i5-6300U ni ya kizazi cha sita na haimo, ilhali i5-8350U ni ya kizazi cha nane na imo, na namba inayoanza na 10 au zaidi, kama i5-10210U, ni ya kizazi cha kumi na kuendelea. Namba hiyo isomwe kwenye kompyuta ikiwa imewashwa, katika ukurasa wa mipangilio unaoeleza sifa za mfumo, wala isichukuliwe kutoka mdomoni mwa muuzaji au kwenye stika ya nje. Jina la modeli nalo halitoshi. ThinkPad T480, kwa mfano, iliuzwa ikiwa na prosesa za kizazi cha saba na vilevile cha nane, na mbili hizo zikilazwa mezani pamoja hazitofautishiki kwa macho.

Wapo mafundi wanaoweza kupiga Windows 11 kwa nguvu kwenye kompyuta isiyotimiza masharti, kwa kuruka ukaguzi wa awali. Kompyuta hufanya kazi, tena mara nyingi vizuri, lakini Microsoft imetamka wazi kwamba kompyuta za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho, jambo linaloirudisha ofisi pale pale ilipotoka. Kibaya kuliko hicho ni Windows ya kukraki, kwa kuwa kijiprogramu kinachotumika kuvunja leseni mara nyingi hudai kingavirusi izimwe kwanza, na hakuna ajuaye kilichoingia wakati mlinzi alipoambiwa ageuke.

Kwa wanaohitaji muda, Microsoft inauza nyongeza ya viraka. Kwa mashirika bei iliyotangazwa ni dola 61 za Marekani kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na huongezeka maradufu kila mwaka hadi Oktoba 2028, hivyo miaka mitatu hugharimu dola 427, fedha inayotosha kununua kompyuta ya mtumba ya kizazi cha nane. Watumiaji binafsi walipewa mpango wao hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali mipangilio yake ihifadhiwe kupitia akaunti ya Microsoft. Mwaka mmoja wa nyongeza una mantiki pale ambapo bajeti ya kununua imekwisha kupitishwa na fedha bado hazijatoka. Mwaka wa pili hauna.

Njia nyingine ni kubadili mfumo endeshi badala ya kompyuta. Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hutolewa bure, na matoleo yake kama Ubuntu na Linux Mint hufanya kazi vizuri kwenye prosesa za kizazi cha nne hadi cha saba, hasa kama diski ya zamani imebadilishwa kuwa SSD. Pamoja nayo huja LibreOffice, inayofungua nyaraka za Word na Excel, ingawa jedwali lenye amri za kujiendesha zilizoandikwa kwa ajili ya Excel linaweza kugoma. Wasomaji wenye umri watakumbuka kwamba programu iliyoizaa LibreOffice ilitafsiriwa kwa Kiswahili na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, jitihada iliyostahili wafuasi wengi kuliko iliowapata. Linux hujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows iliyopo, na jaribio la maana ni kuchapisha ukurasa mmoja kwenye printa ya ofisi na kufungua mifumo ya benki na ya Serikali inayotumika kila siku. Pale mhasibu anapotegemea programu iliyotengenezwa kwa Windows pekee, kama zilivyo nyingi za uhasibu, kompyuta yake ibaki na Windows.

Kwa hiyo mpango wa busara hauanzi na kompyuta iliyo kuukuu kuliko zote. Unaanza na ile inayobeba hesabu, taarifa za wanachama au majalada ya wagonjwa, kwa kuwa hiyo ndiyo inayomkabilisha mwenye shirika na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, au na sheria ya namna hiyo ya Kenya ya mwaka 2019, na zote mbili humtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Hiyo ipewe Windows 11 au inunuliwe nyingine. Za kuandikia barua na kutafutia habari zihamie Linux, na ile ya stoo inayochapisha lebo tu ikatwe intaneti na kuachwa ilivyo.

Kabla ya fundi kugusa chochote, faili zote zinakiliwe kwenye diski ya nje, diski ichomolewe na kuhifadhiwa mbali na kompyuta, kwa kuwa programu ya kudai fidia hufunga pia kila diski inayoikuta imechomekwa, kisha faili mbili tatu zifunguliwe kwenye kompyuta nyingine ili kuhakikisha kwamba nakala ni nzima. Kwa ofisi yenye kompyuta tatu au nne, kazi hiyo kwa kawaida huisha kwa siku moja.