Sanamu Zina Nyuso, Majina Yako Wapi?

Mwanafunzi wa Mkomani ana kumbukumbu ya kihistoria karibu na kwao: mnara wa Johann Ludwig Krapf, pamoja na kaburi la mkewe Rosina, aliyefariki mwaka 1844. Sina ugomvi na mnara huo. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882, sisi walimu wa isimu tungali tunaifungua. Lakini mwanafunzi huyo huyo akivuka daraja la Nyali hadi barabara ya Jomo Kenyatta, kisiwani, atakuta sanamu za shaba za askari waliopigana upande wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Nyuso ataziona. Orodha ya majina ya waliokufa hataikuta.

Hilo halikutukia kwa bahati mbaya. Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda idadi hiyo ikafika 350,000. Wakuu wa kikoloni waliona kwamba Mwafrika anatosheka na sanamu moja ya jumla. Ofisa wa Kizungu alipata jiwe lake.

Chukua mfano wa Arthur Wavell, Mwingereza aliyekuwa na shamba la mkonge huko huko Nyali. Mwaka 1908 alikwenda Makka akijifanya Mzanzibari, kwa jina la Ali bin Mohammed, akifuatana na Mswahili wa Mombasa. Vita vilipozuka mwaka 1914 aliunda kikosi cha Waarabu wa pwani, na tarehe 9 Januari 1916 aliuawa Mwele, Kwale. Huyu ana majina mawili, la kwao na la kuazima. Wengi wa vijana aliowaongoza twawajua kwa jina la kikosi tu.

Lugha nayo yatuambia kitu. Neno “askari” halina umbo la wingi: askari mmoja, askari elfu. Bila jina la mtu, mmoja humezwa na elfu. Mpagazi ndiye aliyemezwa zaidi. Jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi liligeuka vinywani mwetu likawa Kariakoo, na leo tulisikiapo twawaza soko, vitunguu na nauli ya basi.

Wapo watakaosema kwamba watu hao walipigania dola ya mgeni, basi tuwaenzi kwa lipi? Swali ni la haki. Lakini sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu kukamatwa kwa nguvu wakabebe mizigo ya vita, na aliyeburutwa kutoka shambani mwake hakuulizwa anampigania nani. Kumtaja si kuisifu vita.

Walimu wa historia na wa Kiswahili wa Mkomani, Kongowea na Kisauni wangeweza kuianza kazi hii muhula ujao. Wawatume wanafunzi kwa wazee, si kuuliza habari za vita kwa jumla, bali swali moja: katika ukoo wenu, nani alichukuliwa asirudi? Majina yatakayopatikana yalinganishwe na kumbukumbu za serikali, kisha serikali ya kaunti iombwe kibao kando ya sanamu zile. Kiandikwe kwa Kiswahili kwanza, jina la mtu na la babake na kijiji chake, na chini paachwe nafasi ya watakaopatikana baadaye.