Mtoto Kuzaliwa Mdogo: Je, Kilo Zinahesabu Miezi ya Mimba?

 

Limetufikia swali kutoka Tabora. Mume alikaa nyumbani mwezi mmoja, kisha akarudi Urambo kwenye mashamba ya tumbaku. Mkewe, kwa hesabu yake, amejifungua mwezi wa tisa, na mtoto ana kilo 1.9. Majirani wanasema: "Huyu ni wa miezi saba," yaani mimba iliingia mume hayupo. Kliniki presha ya mke haikupanda hata mara moja. Mume anauliza afanye nini.

Tangu zama za misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji, Tabora ni mji wa waume wanaosafiri na wake wanaobaki. Basi jambo hili tulieleze wazi.

Kwanza, mtoto mdogo si lazima awe njiti. Aliye chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, lakini wako waliozaliwa kabla ya wakati, na wako waliotimiza miezi yao ila hawakukua vizuri tumboni. Wakunga huwatofautisha kwa tarehe ya hedhi ya mwisho, kipimo cha ultrasaundi cha miezi ya mwanzo, na maumbile ya mtoto mwenyewe, kama mikunjo ya nyayo na ugumu wa masikio.

Pili, sababu zake. Mtoto hupata chakula na hewa kupitia kondo la nyuma. Baadhi ya wanawake, mishipa ya damu ya mji wa mimba haitanuki ipasavyo mwanzoni, na kondo hupata damu kidogo. Kondo hilo huweza kumwaga katika damu ya mama vitu vinavyodhuru mishipa yake. Baada ya wiki ya 20 presha hupanda, na mara nyingi protini huonekana kwenye mkojo. Hii ndiyo hali inayotangulia kifafa cha mimba. Kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, mama apelekwe hospitali saa ileile.

Lakini kondo laweza kudhoofika na presha isipande kabisa. Tena ipo malaria, nayo ni nyingi mkoani Tabora: vijidudu hujificha ndani ya kondo na mama asihisi hata homa. Kuna upungufu wa damu, lishe duni, moshi wa sigara, kaswende, mimba ya pacha, na kasoro za mtoto mwenyewe. Na wako watoto wazima walio wadogo kwa asili tu.

Tatu, hukumu. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa. Wanavyuoni, kwa kukusanya aya za Suratul-Ahqaaf na Luqmaan, wamesema muda mfupi kabisa wa mimba ni miezi sita. Nasaba haikatwi kwa mizani wala kwa dhana. Na anayemtuhumu mwanamke zinaa bila mashahidi wanne, adhabu yake katika Suratun-Nuur ni mijeledi 80. Majirani hao watubu na wamtake radhi.

Wewe ndugu yetu, rudi nyumbani. Mtoto apimwe hospitali, awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, anyonye maziwa ya mama. Mimba ijayo mkeo aanze kliniki mapema, alale ndani ya chandarua chenye dawa, ameze vidonge vya kuongeza damu, na SP za malaria kuanzia mwezi wa nne kama atakavyoelekezwa. Aliyewahi kupata presha ya mimba amwambie daktari mapema, kwani zipo dawa za kukinga. Na mja mzito anayechelea nafsi yake au mtoto wake ana ruhusa ya kutofunga Ramadhani.

Wallaahu a'lam.