Kumsomea kijana si kumdekeza (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini mwanafunzi mwenye disleksia, yaani ugumu wa kugeuza herufi kuwa maneno, anaweza kuwa hodari wa kujieleza, lakini akifunguliwa kitabu akashindwa nacho. Leo tuviangalie vifaa vinavyomsomea kwa sauti. Wazazi na walimu wengi huviona kama njia ya mkato. Mimi naona kumnyima kijana wa sekondari vifaa hivyo ni kumnyima masomo yote kwa kosa la moja.

Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza kuwa kusoma kwa ufahamu ni zao la mambo mawili: kugeuza herufi kuwa maneno, na kuielewa lugha yenyewe. Hapo ni kuzidisha, si kujumlisha; kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Mtazame mwanafunzi wa kidato cha pili na kitabu chake cha baiolojia, kwenye mada ya mzunguko wa damu. Kidole kinafuata mstari, anakwama kwenye kila neno refu, na akifika kwenye nukta mwanzo wa sentensi umeshamtoka. Mzunguko wa damu huo huo angesimuliwa, angeuelewa. Tanzania mzigo huongezeka, kwa sababu katika shule za msingi za serikali alisoma kwa Kiswahili, ambacho huandikwa kama kinavyotamkwa, kisha sekondari akakabidhiwa Kiingereza na tahajia yake isiyotabirika. Tatizo lililoonekana kama uzito tu wa kusoma sasa linaanikwa mbele ya darasa zima.

Siku hizi simu janja hupiga picha ukurasa, ikatambua herufi na kuzisoma, huku neno linalotamkwa likipakwa rangi. Si kwamba haikosei: majedwali huyasoma shaghalabaghala, na sauti ya Kiingereza ikipewa matini ya Kiswahili ni kichekesho kitupu.

Je, hatazoea kubebwa? Mwaka 2018 watafiti wa Marekani, Sarah Wood na wenzake, walizichambua kwa pamoja tafiti kuhusu wanafunzi wenye matatizo ya kusoma wanaosomewa kwa sauti. Ufahamu wao uliongezeka kwa wastani wa 0.35 katika kipimo cha wanatakwimu cha ukubwa wa athari. Faida hiyo ni ya wastani, wala haithibitishi kuwa kifaa humfundisha mtu kusoma. Kazi hiyo inabaki kwa mwalimu, hata kidato cha tatu. Ila wakati mwalimu anahangaika na herufi, historia na jiografia hazimsubiri mwanafunzi. Isitoshe, asiyeona akisoma nukta nundu hakuna anayesema anadanganya. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017 na Tanzania 2020, unawaweka wenye ulemavu wa kusoma kundi moja na wasioona katika haki ya kupata vitabu kwa namna wanayoweza kuitumia.

Hofu ya simu shuleni ni ya haki, lakini dawa yake ipo: kishikwambi kisicho na laini wala intaneti, kikae maktaba na visikizi vyake. Lililo gumu zaidi ni mtihani, hasa wa lugha, ambapo kusoma ndiko kunakopimwa. Hilo nitalichukua wiki ijayo.