Mzazi Mzee Hahamishwi kwa Amri

Askari na polisi ni watu wa kuhama. Amri ya uhamisho ikifika jioni, alfajiri hutukuta tumekwisha kufunga masanduku, magodoro yameviringishwa, na watoto wameagana na wenzao wa kambini. Tumeyazoea mambo hayo hata tukadhani kwamba kila mtu aweza kung'olewa mahali pamoja na kupandikizwa pengine, mradi lori lipatikane. Kosa hilo nililitenda mimi mwenyewe kwa mama yangu mzazi. Nalieleza hapa kwa sababu wengi miongoni mwenu mnao ndugu au watoto walioko ng'ambo, na simu kama ile niliyoipokea mimi huenda ikawafikia nanyi siku moja.

Wakati huo nilikuwa Somalia, katika jeshi la Umoja wa Afrika la kulinda amani, kazi ambayo askari wa Uganda waliianza huko Machi 2007. Usiku mmoja kaka yangu mkubwa, anayeishi Edmonton, Canada, alinipigia simu. Mama yetu, mjane anayeishi peke yake katika wilaya ya Kitgum, alikuwa ameanguka njiani akitoka kisimani. Shinikizo la damu lilikuwa limepanda, na jirani ndiye aliyempeleka kituo cha afya kwa baiskeli. Kaka akasema, "Wewe uko lindoni, mimi niko huku. Aliye naye ni nani? Nataka aje akae kwangu, siku zote." Nilikubali kabla hajamaliza maneno yake. Kwa hakika niliona kama nimetuliwa mzigo kichwani. Hakuna kati yetu aliyefikiri kumwuliza mwenyewe.

Kaka alianza kuulizia taratibu, na hapo ndipo tulipofahamu kwamba mlango wa nchi za watu haufunguki kwa upendo peke yake. Canada ina njia mbili. Ya kwanza ni kumwombea mzazi ukaazi wa kudumu. Mtoto anayemwombea hana budi kuthibitisha kipato chake, na kutia saini ahadi ya kumtunza mzazi huyo kwa miaka 20, isipokuwa katika jimbo la Quebec ambako ahadi ni ya miaka 10. Waombaji huzidi nafasi kwa mbali. Walioalikwa kupeleka maombi mwaka 2025 walitoka miongoni mwa wale waliokwisha kujiandikisha mwaka 2020. Kaka hakuwamo.

Njia ya pili ni viza maalumu ya wazazi na mababu, iliyoanzishwa Desemba 2011. Tangu Julai 2022 mwenye viza hiyo aweza kukaa hata miaka 5 kwa safari moja. Lakini huyo hubaki mgeni tu. Hapati matibabu ya serikali, na kwa hiyo hana budi kuwa na bima ya afya isiyopungua dola 100,000 za Canada, ya angalau mwaka mmoja. Wenye ujuzi wa mambo haya watakwambia kwamba kampuni nyingi za bima hukataa kulipia maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya safari, au hudai ada kubwa zaidi. Na mzee gani wa miaka 70 asiye na maradhi ya tangu zamani?

Msidhani kwamba kwingineko ni rahisi. Uingereza ilikaza sheria yake Julai 2012. Mzazi atakayekubaliwa kuhamia huko ni yule ambaye, kwa uzee, ugonjwa au ulemavu, anahitaji mtu wa kumhudumia kila siku katika mambo kama kuoga, kuvaa na kupika, tena ithibitike kwamba huduma hiyo haipatikani nchini kwake hata kwa fedha za mtoto wake. Maana yake ni kwamba bibi anayeweza kujipikia hapiti, hata akiwa mpweke namna gani. Sheria ya Marekani humruhusu raia aliyetimiza miaka 21 kuwaombea wazazi wake, ingawa viza zenyewe huweza kusimamishwa kwa amri ya serikali. Walakini mzee aliyefika huko bila kupata kufanya kazi humo hungoja miaka 5 ya ukaazi kabla ya kuruhusiwa kununua bima ya afya ya wazee ya serikali.

Nilipopata likizo nilikwenda nyumbani, nikiwa nimejiandaa kumweleza Mama mpango wetu kama vile afisa anavyowaeleza askari mpango wa safari. Nilimkuta ameketi chini ya mwembe akipepeta ufuta. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, zamani tuliambiwa tuhamie kambini. Najua kulikuwa na vita, na waliotuambia walisema ni kwa usalama wetu. Lakini hakuna aliyeniuliza. Leo hakuna vita, nanyi ni wanangu. Mbona mmefanya vile vile?"

Ndugu wasomaji, nimepita mafunzo ya ukadeti, nimepata kukemewa na wakubwa wangu mbele ya gwaride zima, lakini sijapata kukosa neno la kujibu kama siku ile. Mimi nilikuwa mtoto mdogo tulipoingia kambini. Nayakumbuka mabanda yaliyobanana na foleni za maji. Kumbe yeye alikumbuka zaidi kwamba alihamishwa kama gunia.

Siku iliyofuata alinichukua kutembea. Alinionyesha mkwaju ulio mpakani na jirani wa mashariki, kichuguu kilicho upande wa bonde, na mahali kijito kilipopitia kabla hakijageuza njia. Wale wanaotoka kaskazini wanaelewa uzito wa jambo hilo. Mapigano yaliposimamishwa mwaka 2006 na watu wakaanza kurudi makwao, vijana wengi waliozaliwa au kukulia kambini hawakuijua mipaka ya mashamba ya baba zao. Wazee ndio waliosimama na kuonyesha. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inatambua ardhi inayomilikiwa kwa mila, na ushahidi wa ardhi ya namna hiyo mara nyingi umo katika kumbukumbu za watu. Tulikuwa karibu kumpeleka Edmonton shahidi wetu mkuu, bila hata kumwuliza mkwaju uko wapi.

Hata hivyo Mama hakukataa safari. Alisema atakwenda kuwaona wajukuu wake, ayaone maisha yao kwa macho yake, kisha atasema mwenyewe. Kaka alimwombea viza ya kawaida ya matembezi. Akaondoka mwezi wa Juni, wakati wa joto huko, akarudi Septemba kabla ya baridi ambayo katika mji ule huweza kushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Niliporudi likizo tena nilimwuliza habari za huko. Alimsifu mkwe wake kwa heshima, akasifu maji ya moto na madaktari. Kisha akanikumbusha methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. "Mimi nilikaa siku tisini," alisema, "na jembe sikupewa. Kaka yako na mkewe hutoka asubuhi kwenda kazini, watoto huenda zao. Nabaki na dirisha. Hawakunikosea neno. Lakini mtu asiye na jembe hubaki mgeni."

Basi tulifanya kikao cha ukoo, kaka akishiriki kwa simu. Fedha ambazo angelipia bima na nauli zikapangiwa kazi nyingine. Binti wa shangazi yetu sasa anaishi na Mama na hulipwa mshahara kila mwezi. Maji yamesogezwa karibu na nyumba. Mimi nimepewa jukumu la dawa zake zisikatike, na likizo yangu ya kwanza ya kila mwaka ni yake. Mipaka ya shamba tumeipita pamoja na majirani, na imeandikwa mbele ya wazee.

Sisemi kwamba mzazi asihamishwe kamwe. Namfahamu mstaafu mmoja wa polisi, mjane, ambaye macho yamefifia na watoto wake wote wako ng'ambo. Kwake nyumbani hakubaki hata mtu wa kumwashia moto. Aliulizwa, akakubali, akaenda, na anatunzwa vizuri. Uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa sababu ulikuwa wake.

Kwa hiyo yule ambaye simu hiyo itamfikia afuate mambo matatu ambayo kila askari anayajua. La kwanza ni upelelezi: mzazi aende kwanza kwa matembezi, ikiwezekana aonje na baridi. La pili ni ugavi: hesabuni bima, dawa, na ni nani atakayekuwa naye mchana. Kama ni mstaafu, aulize mapema ofisi inayomlipa pensheni atathibitishaje kwamba yu hai akiwa mbali. La tatu ni njia ya kurudi: nyumba yake isiuzwe, shamba lisigawanywe, na ijulikane tangu mwanzo ni nani atakayelipa gharama za kumrudisha akiwa hai au akiwa ameaga dunia, kwa maana wazee wetu wengi hutaka kulala karibu na baba zao.

Lakini kabla ya hayo yote liko moja. Kaeni chini mbele yake, mvue kofia, mumwulize anataka nini. Kisha nyamazeni, mumsikilize.