Kumfundisha Mtoto Tusiyemwona: Maandalizi ya Somo la Redio

Utangulizi

Mwalimu aliye darasani ana wasaidizi wengi asiowahesabu. Macho ya watoto humwambia kama ameeleweka. Mikono iliyoinuliwa humruhusu aendelee, na minong'ono ya madawati ya nyuma humwonya arudie alichokisema. Mwalimu wa redio hana hata mmoja wa wasaidizi hao. Yumo katika chumba kisichopitisha sauti, mbele yake pana kipaza sauti na saa ya ukutani, na mtoto anayemfundisha yuko mbali asikokujua.

Makala haya yanakusudia kuwaonyesha wanachuo namna ya kuandaa na kutoa somo la redio kwa watoto wa madarasa ya mwanzo. Huenda wengine wakadhani kwamba kazi hiyo ni ya watangazaji na haiwahusu walimu. Mwaka 2020 ulitufundisha vingine. Kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, shule za msingi za Tanzania zilifungwa kuanzia katikati ya mwezi wa Machi hadi mwishoni mwa Juni, na nchini Kenya watoto wengi walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Masomo yalipelekwa kwa redio na televisheni, na miongoni mwa walioitwa kuyatoa walikuwamo walimu wa kawaida, kama mtakavyokuwa ninyi.

Kosa tulilolifanya

Katika miezi hiyo tuliombwa na kituo kimoja cha redio kutayarisha masomo ya Hisabati kwa Darasa la Pili. Somo la kwanza lilihusu kujumlisha namba ambazo jumla yake inazidi 10. Tuliandika mswada kwa uangalifu, tukausoma bila ya kukwama, na fundi mitambo akatusifu. Siku ya kutangazwa kwake tulikwenda kulisikiliza nyumbani kwa jirani yetu. Mjukuu wake, binti wa Darasa la Pili, alikuwa amekaa mkekani na redio, daftari, na kopo la vizibo vya chupa vya kuhesabia.

Sauti yetu ilisema: "Wanafunzi wapendwa, chukueni vizibo vinane, halafu chukueni vingine vitano, kisha mvihesabu vyote kwa pamoja. Je, mmepata vingapi? Vizuri sana! Mmepata kumi na tatu. Sasa tuutazame mfano wa pili."

Wakati huo binti yule alikuwa ametoa vizibo vinne tu. Alisimamisha mkono wake, akatugeukia, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, hapo ulikuwa unamwambia nani 'vizuri sana'?"

Hatukuwa na jibu. Kabla ya mfano wa tatu alikwisha virudisha vizibo koponi, akabaki kuisikiliza redio kama mtu asikiaye mazungumzo ya wageni waliomo chumba cha pili. Mengi tuyasemayo katika makala haya yametokana na swali lake hilo.

Msikilizaji ni mmoja

Redio husikiwa na maelfu, lakini kila asikilizaye husikiliza peke yake. Hata watoto 50 wakiwa darasani mbele ya redio moja, kila mmoja hupokea sauti kwa masikio yake mawili. Kwa hiyo yafaa mwalimu aseme na mtoto mmoja. Lugha yetu hututaka tuchague: ama tuseme "chukueni", ama tuseme "chukua". Tukisema "chukueni", mtoto aliye peke yake nyumbani huweza kudhani kwamba wako wengine wanaoambiwa. Tukisema "chukua", hana wa kumwachia kazi hiyo.

Hali kadhalika katika salamu. "Hamjambo, wanafunzi?" ni salamu ya mlangoni mwa darasa. Katika redio yatosha kusema "Hujambo?" kisha kunyamaza kiasi cha mtoto kujibu "Sijambo, mwalimu. Shikamoo." Baada ya hapo mwalimu aseme "Marahaba." Mtoto aliyeitikiwa shikamoo yake amekwisha kubali kwamba anasemeshwa.

Ili kuidumisha hali hiyo, mwalimu achague mtoto mmoja anayemfahamu vyema, naye asome mswada wake kana kwamba mtoto huyo amekaa ng'ambo ya meza. Hapana haja ya kuigiza sauti ya kitoto, maana watoto huitambua upesi na kuidharau. Sauti ya kawaida, yenye uchangamfu, yatosha. Tabasamu nayo haionekani redioni, lakini husikika.

Maneno ya kusikiwa

Maneno yaliyoandikwa ili yasomwe si sawa na maneno yaliyoandikwa ili yasikiwe. Asomaye aweza kurudi mstari wa juu, asikiaye hawezi. Kwa sababu hiyo tunapendekeza mambo yafuatayo:

(a) Kila sentensi ibebe agizo moja tu. "Toa vizibo vinane" ni agizo moja. Sentensi yetu ya awali ilikuwa na maagizo matatu, na mtoto alikuwa bado katika la kwanza tulipolimaliza la mwisho.

(b) Namba na maneno mapya yarudiwe. Redio ikikwaruza, nne huweza kusikika kama nane.

(c) Maneno ya macho yaepukwe. "Kama mnavyoona", "mfano huu hapa", na "tuutazame mfano" hayana maana kwa mtoto asiyeonyeshwa kitu. Badala ya kumwambia atazame, tumpe kitu mkononi mwake: kizibo, kijiti, jani, au vidole vyake mwenyewe.

(d) Mswada usemwe kwanza, ndipo uandikwe. Mweleze mwenzako somo lote kwa mdomo, kisha uandike ulivyosema. Mahali unapoishiwa pumzi katika kusoma ndipo sentensi inapotakiwa ikatwe.

Yako pia mambo madogo ya studio. Mswada uandikwe upande mmoja wa karatasi, na karatasi zisibanwe pamoja, ili zisogezwe bila ya kuchakarisha. Kipaza sauti kiwe umbali wa shibiri moja hivi, nawe useme ukikielekea kidogo kwa ubavu, kwa kuwa herufi p na b zikitamkwa mbele yake hasa hutoa mvumo wa pumzi.

Kimya chenye kazi

Hili ndilo jambo kubwa kupita yote. Watangazaji wengi hukiogopa kimya, na wana sababu: msikilizaji akisikia kimya kirefu hudhani mitambo imeharibika, akageukia kituo kingine. Lakini katika somo la redio kimya ni zamu ya mtoto. Tukimnyima zamu hiyo tunabaki kuzungumza peke yetu.

Urefu wa kimya usikisiwe. Kabla ya kunasa sauti, mwite mtoto mwepesi na mtoto mzito, uwape maagizo ya mswada mmoja baada ya jingine, na upime kwa saa muda wanaoutumia. Kisha uandike sekunde hizo ndani ya mswada wenyewe. Hivi ndivyo tulivyoliandika upya somo letu:

MWALIMU: Toa vizibo vinane. Vinane. Vipange katika mstari mmoja.
(KIMYA: sekunde 20)
MWALIMU: Sasa toa vingine vitano. Vitano. Vipange chini ya vile vya kwanza.
(KIMYA: sekunde 15)
MWALIMU: Vihesabu vyote kwa sauti. Anza.
(KIMYA: sekunde 20)
MWALIMU: Mimi nimepata kumi na tatu. Kama wewe umepata namba nyingine, usiogope. Tuhesabu tena pamoja, pole pole. Moja... mbili... tatu...

Kimya kinapozidi sekunde chache, ngoma ya chini chini au wimbo mfupi uwekwe, ili mtoto ajue kwamba anangojewa. Tena tazameni kwamba neno "vizuri" limeondolewa. Mwalimu asisifu kazi asiyoisikia. Ataje jibu lake mwenyewe, kisha amwachie mtoto nafasi ya kulilinganisha na lake.

Kwa kufanya hivyo, mifano sita ya mswada wa kwanza ilibaki mitatu, nasi tuliona uchungu kuikata ile mingine. Lakini binti yule alipolisikiliza somo la pili alihesabu akapata kumi na mbili. Sauti ilipomwambia asiogope, alivihesabu tena, akakiona kizibo kimoja kimejiviringisha hadi ukingoni mwa mkeka. Jibu la mfano uliofuata alilitaja kabla ya redio.

Mwalimu wa upande wa pili

Hata hivyo, redio haifundishi vyema ikiachwa peke yake. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya", ambayo iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2. Nguvu yake haikuwa katika matangazo peke yake. Watu walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake aliyepewa mafunzo. Wakisikiliza, wakijadiliana, kisha wakienda kufanya kazi, kama vile kuchimba vyoo.

Njia ya kumtaka mwanafunzi atende wakati redio inasema ilijaribiwa katika somo la Hisabati nchini Nicaragua kuanzia mwaka 1974, na katika kufundisha Kiingereza kwa madarasa ya mwanzo nchini Kenya katika miaka ya mwanzo ya 1980. Huko Zanzibar ilitumika katika vipindi vya "Tucheze Tujifunze" vya mradi ulioanza mwaka 2006. Mahali pote hapo sauti ya redio iliuliza na kungoja, naye mtu mzima aliyekuwa pamoja na watoto alikuwa na kazi ya kufanya.

Kwa hiyo, mwalimu ambaye darasa lake linasikiliza redio asiketi pembeni kusahihisha madaftari. Kabla ya kipindi, aandae vifaa na kuwakalisha watoto mahali ambapo sauti inawafikia. Wakati wa kipindi, azunguke kati yao na kumsaidia aliyechelewa, bila ya kusema juu ya sauti ya redio. Baada ya kipindi, aulize, arudie palipokwama, na ampelekee mtayarishaji taarifa ya mahali watoto waliponyamaza. Ripoti hizo ndizo macho ya mwalimu wa redio.

Zoezi kwa wanachuo

Andikeni somo la dakika 10 kwa Darasa la Kwanza au la Pili. Mtoaji wa somo akae nyuma ya pazia au nje ya dirisha, asione darasa. Wenzake wawili wakae kati ya watoto, kila mmoja amwangalie mtoto mmoja tu na kuandika mambo matatu: ni agizo gani mtoto hakulitimiza, ni kimya kipi kilikuwa kifupi, na ni wakati gani mtoto alilegea. Mswada uandikwe upya kwa kuufuata ushahidi huo, na somo litolewe mara ya pili kwa watoto wengine.

Atakayelifanya zoezi hili kwa moyo ataona kwamba limemfaa hata asipoingia studio maisha yake yote. Kwani darasani nako, ndugu walimu, wamo watoto tusiowaona. Tunauliza swali, tunalijibu wenyewe, tunasema "vizuri sana", na mtoto wa dawati la nyuma angali anatafuta kizibo chake cha tano.