Kampala: Majitaka yakishasafishwa, tope lake huenda wapi?

Kila siku magari ya kunyonya vyoo huingia katika mtambo wa Lubigi, kaskazini magharibi mwa Kampala, mji mkuu wa Uganda, yakiwa yamebeba uchafu kutoka mitaa isiyofikiwa na mabomba ya majitaka. Wakazi waliounganishwa na mabomba hayo ni chini ya mmoja kati ya kumi. Waliosalia hutegemea vyoo vya shimo na makaro.

Lubigi ulifunguliwa mwaka 2014. Umejengwa kupokea kwa siku lita milioni 5 za majitaka ya mabomba na lita 400,000 za tope la vyooni. Mtambo mkubwa zaidi jijini ni wa Bugolobi, wenye uwezo wa kusafisha lita milioni 45 kwa siku. Yote miwili iko chini ya Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, NWSC.

Faida ya kazi hiyo iko wazi. Mfereji wa Nakivubo hupeleka maji ya jiji katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na ni katika ghuba hiyo hiyo ambamo mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa ya Kampala. Hata hivyo, kusafisha maji hakuuondoi uchafu duniani, bali huutenga. Maji yakishatoka, hubaki tope, na humo ndimo hukusanyika sehemu kubwa ya vijidudu na kemikali zilizokuwa ndani ya maji.

Huko Bugolobi, tope huchachushwa ndani ya matangi yasiyoingiza hewa. Bakteria hulila, likapungua, na gesi inayotoka hutumika kuzalisha umeme. Huko Lubigi, tope hutandazwa juu ya vitanda vya mchanga: maji huchujika chini, na mengine hukaushwa na jua na upepo. Tope lililokauka hununuliwa na wakulima, kwa kuwa lina naitrojeni na fosforasi na hurutubisha udongo uliochoka.

Hapo ndipo penye hatari. Tope laweza kuonekana kavu na kukosa harufu, ilhali mayai ya minyoo ya tumbo yangali hai ndani yake, kwani ganda lake huyakinga kwa miezi mingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka lisizidi yai moja katika kila gramu ya tope kavu. Unashauri pia kwamba, katika joto la nyuzi 20 hadi 35, tope lihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja, au ligeuzwe mboji kwa joto linalozidi nyuzi 50 kwa muda usiopungua wiki moja.

Kungoja mwaka mzima kunahitaji nafasi, na magari hayaachi kuja. Kulizika jalalani si jibu jepesi pia: Agosti 2024, jalala la Kiteezi lililokuwa likipokea taka za Kampala liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30.

Zipo pia metali nzito, kama risasi na kadimiamu, ambazo haziondolewi na jua wala uchachu. Njia ya kuzizuia ni kuvitaka viwanda visafishe majitaka yake kabla ya kuyaingiza katika mabomba ya jiji.

Kwa mkulima anayenunua tope hilo, swali la kwanza si bei, bali limehifadhiwa kwa muda gani na limepimwa nini. Asipopata jibu, alitumie penye miti ya mbao au maua, wala si kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Avae glavu na viatu vya mpira, na anawe kwa sabuni kabla ya kula.